Wageni wa Okpoti Katika Mwezi wa Kimya

Ukimuuliza Okpoti saa nzuri ya kwenda ngomeni, atakwambia asubuhi. Si kwa sababu ya jua, ingawa jua la Accra halina adabu. Ni kwa sababu seli zile za watumwa wa kale ukiziingia jioni unatoka nazo, na mtu aliyetoka na seli hachezi dansi. Kwa hiyo ngome asubuhi, mnara wa taa kabla ya saa sita, kenkey, ule ugali wa mahindi yaliyochachuka, na samaki wa kukaanga mchana, usingizi kidogo, halafu jioni ndiyo muziki. Mpango huo ameufuata miaka ishirini na miwili. Nyumba ya wageni iliyo karibu na barabara kuu ya Jamestown imeuchapa kwenye karatasi na kuubandika nyuma ya mlango wa kila chumba, chini ya maneno Ushauri wa Okpoti.

Karatasi ile ina mengi. Usivae viatu vya kisigino, mitaro ya Jamestown haina mifuniko na haijui kama wewe ni mgeni. Msalimie mtu kwanza ndipo umpige picha, na akikataa usimwoneshe noti. Ndani ya ngome usiimbe wala usipige mluzi. Ukipewa akpeteshie, ile pombe kali inayochoma mpaka kwenye masikio, mwaga tone moja chini kabla hujainywa, maana waliotangulia nao wana kiu. Na mwisho kabisa, kwa herufi nzito: ukija mwezi wa Mei, muulize Okpoti kwanza.

Ushauri huo wa mwisho ndio uliompa jina. Kila mwaka, makuhani wakishapanda mahindi ya sikukuu, mji mkongwe wa Waga, wenyeji wa Accra, hunyamaza kwa siku thelathini ili mbegu iote kwa utulivu. Ngoma hazipigwi. Spika za baa huingizwa ndani, makanisa hushusha sauti, na vijana wenye vitambulisho shingoni huzunguka kuwakamata wakaidi. Lakini miji ya Waga hainyamazi siku moja. Gbese na Jamestown wana tarehe zao, Osu zao, La zao, Teshie zao. Okpoti anazo zote kichwani. Mji mmoja ukinyamaza, yeye huwavusha wageni wake mpaka ule ambao bado unapiga kelele. Mgeni njoo mwenyeji apone, na kweli Okpoti alipona, akajenga hata choo cha ndani.

Kuna jambo moja tu ambalo karatasi haikulisema, kwa kuwa wageni hawalihitaji. Mwezi wa kimya hauna kilio. Anayekufa ndani yake haliliwi wala hafanyiwi matanga. Hupelekwa kwenye majokofu ya maiti kimyakimya na ndugu huambiwa kwa kunong'onezwa, mpaka ngoma irudi.

Aliyelihitaji jambo hilo ni mama yake.

Awo Adjeley alikuwa mtoa kilio wa Gbese kwa miaka arobaini. Msiba ukitokea, aliitwa yeye kabla ya seremala. Alisimama katikati ya ua na kanga yake nyekundu na nyeusi, akamwita marehemu kwa majina yake yote, la utotoni, la ukubwani na la utani, na wanawake wakaitikia mpaka hata waliomdai marehemu wakatoa machozi. Alishika imani yake mwenyewe kwamba maiti hasikii maombi, anasikia kilio, na kilio ndicho kinachomwonesha njia. Kifo hakukiogopa hata kidogo. Alichokiogopa ni kufa ndani ya kimya. Dada yake alikufa hivyo, na Awo alisema kwamba mwaka mzima baadaye alimsikia uani alfajiri akisogeza mabeseni, kama mtu anayetafuta wa kumwambia kilichompata.

Kikohozi kilimwanza mwezi wa Machi. Kufika Mei alikuwa halali tena kwa ubavu wala kwa mgongo, alilala ameketi na mito minne nyuma yake, na kila asubuhi swali lake la kwanza lilikuwa lile lile, leo siku gani. Nyumba nzima iliweza kulijibu, lakini alitaka jibu la Okpoti. Ijumaa moja alimshika mkono.

"Kimya kinaanza lini?"

"Jumatatu, Awo."

"Basi nina siku tatu."

"Usiseme hivyo. Ni siku thelathini tu, utazivuka."

"Thelathini siziwezi. Tatu naziweza." Alipumzika kidogo ili apate pumzi. "Wewe ndiye unayezijua tarehe. Usiniache niingie humo, Okpoti."

Okpoti akasema sawa, Awo, hutaingia. Alisema vile watu wanavyowaambia wagonjwa, kwa mdomo tu, huku akiutazama mlango. Amerley, dada yake mkubwa, alikuwa pale akikunja shuka, na alisikia kila neno.

Jumamosi alikuwa na wageni watano kutoka Rotterdam. Kiongozi wao alikuwa Femke, mwanamke mrefu mwenye kicheko kinachofika kabla yake. Okpoti aliwapeleka ngomeni asubuhi kama kawaida. Ndani ya seli ya mwisho, ile isiyo na dirisha, Femke akaanza kuimba kwa mdomo uliofumba, labda kwa woga tu. Okpoti akamwomba aache. Femke akauliza kwa nini, kwani kuna mlinzi?

"Humu watu walikufa bila wa kuwalilia," Okpoti akamjibu. Maneno hayo alikuwa ameyasema mara elfu, yalikuwa sehemu ya kazi. Siku hiyo, akishayasema, alitoka nje kabla ya wageni wake, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya.

Jioni ile Jamestown ilikuwa imepagawa. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya kelele, na kila pembe ilikuwa na spika yake. Misiba ilikuwa imesongamana pia. Katika barabara moja tu palikuwa na mahema matatu ya matanga, maana kila mwenye maiti alitaka amzike kabla ya Jumatatu, na wakodishaji wa viti walikuwa wakikimbia huku na huku wakitabasamu. Kufa kufaana. Wageni walicheza hadi wakalowa jasho. Okpoti aliwatazama akiwa amekaa na soda, akisikiliza zaidi ile sauti ya wanawake kutoka kwenye mahema kuliko gitaa.

Jumapili mchana Awo alibadilika. Pumzi yake ikaanza kusikika mpaka uani. Okpoti aliporudi kutoka kuwapandisha wageni kwenye basi la Kumasi, alikuta shangazi zake wanne wameketi kwenye benchi mbele ya nyumba, kila mmoja na mfuko miguuni. Mfuko mmoja ulikuwa wazi na kitambaa chekundu na cheusi kilikuwa kikichungulia. Hawakuwa wakilia. Walikuwa wakingoja, na wawili kati yao walikuwa wakinywa maji ya tangawizi ili kulainisha koo.

Hasira ilimpanda. Akauliza kama wamekuja kumwona mgonjwa au wamekuja kazini.

"Ametuita mwenyewe," Amerley akasema kutoka mlangoni. "Kasema leo asilale peke yake. Punguza sauti."

Okpoti akaingia ndani. Awo alikuwa ameketi na mito yake, macho nusu wazi, midomo imekuwa ya kijivu. Kila pumzi ilikuwa kazi. Na hapa lazima isemwe wazi, maana watu wa Gbese wamemsema sana Okpoti na si wote waliosema kweli: hakusahau ahadi. Aliikumbuka vizuri. Lakini kukumbuka ahadi ni jambo moja, na kusimama mikono mitupu wakati mama yako anatafuta hewa ni jambo jingine. Alihimili robo saa. Kisha akatoka akaita teksi, akarudi, akampakata mama yake, naye alikuwa mwepesi kiasi cha kumtisha.

Amerley akasimama mlangoni.

"Muache, Okpoti. Saa zake ndizo hizi."

"Nani kakupa saa zake?"

"Yeye. Na wewe ulimwahidi, nilikuwepo. Ukimtoa hapa leo, unamwingiza kwenye kile kimya anachokiogopa."

"Nikae hapa nimwangalie akifa ili nyie mpate kulia vizuri?"

Amerley alisogea kando, na shangazi zake wakavuta miguu ili apite.

Hospitalini walimwekea kinyago cha hewa na sindano mbili. Hadi saa sita ya usiku ilikuwa bado haijulikani. Kisha polepole rangi ikarudi midomoni, pumzi ikatulia, na daktari kijana akamgusa Okpoti begani akamwambia kwamba angechelewa nusu saa tu tungekuwa tunasema mengine. Okpoti alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda akiwa na furaha ya mtu aliyeshinda. Alimshukuru Mungu, akasinzia.

Alipofumbua macho kulikuwa kumekucha na Awo alikuwa akimtazama. Alikuwa amekishusha kinyago mpaka kidevuni, akisikiliza. Nje ya dirisha, mahali ambapo kila asubuhi kuna redio za wachoma mkate na mhubiri mwenye kipaza sauti, hapakuwa na kitu.

"Mbona kimya?" akauliza.

Okpoti akanyoosha mkono ili akirudishe kinyago.

"Leo siku gani?"

"Jumatatu, Awo."

Alimtazama kwa muda mrefu, vile abiria anavyomtazama dereva aliyempitisha kituo chake. Kisha akageuza uso ukutani, na hilo likawa neno la mwisho kati yao.

Si kwamba alikuwa amekatika ulimi. Walipomrudisha nyumbani Jumanne alizungumza na Amerley, aliomba maji, aliuliza habari za jirani aliyejifungua, alicheka hata kidogo. Okpoti akiingia, alifumba macho. Okpoti akimletea supu, aliinywa mkono wa Amerley ukilishika bakuli. Okpoti alijiambia kwamba siku thelathini si nyingi. Awo akizivuka, yeye atakuwa amefanya vizuri, na mama atamsamehe mbele ya watu wote. Alinunua dawa, alinunua feni, akaziba nyufa za dirisha ili vumbi lisipite. Kila usiku alijihesabia: zimebaki ishirini na saba, zimebaki ishirini na tano. Hakuwahi kuiombea tarehe ifike hivyo, yeye aliyeishi kwa tarehe.

Nyumba ilikuwa nzito. Katika mwezi ule hata kifuniko cha sufuria kikianguka watu hutazamana. Jioni walipita vijana wenye vitambulisho, na nyumba zote zilikuwa zimetulia kiasi kwamba kandambili zao zilisikika kutoka mtaa wa pili. Ndani, midomo ya Awo ilikuwa ikicheza siku nzima bila sauti. Okpoti alidhani anasali. Amerley ndiye aliyemweleza.

"Anapitia nyimbo za kilio. Anajitolea mwenyewe, kimoyomoyo. Zote."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu anajua hakuna atakayemtolea."

Alikufa siku ya kumi na moja, Alhamisi, kabla ya adhuhuri. Kikohozi kidogo, kisha hakuna. Wale shangazi wanne walikuwemo chumbani na hakuna hata mmoja aliyetoa sauti. Mmoja aliuma ncha ya kanga yake mpaka ikalowa. Mwingine alishika ukuta kwa mikono miwili. Watoto walitolewa nje wakaambiwa bibi amelala. Gari la kuchukua maiti lilikuja kinyumenyume mpaka mlangoni, likafunguliwa, likafungwa, na jirani aliyekuwa akifua hakuinua hata kichwa, ingawa kila mtu alijua kwamba amejua. Yule mwanamke aliyewalilia watu wa Gbese kwa miaka arobaini akatoka nyumbani kwake kama gunia la mchele.

Okpoti alihisi kilio kikimpanda kutoka tumboni. Akafungua mdomo. Amerley akauziba kwa kiganja, kwa nguvu.

"Si hapa," akamnong'oneza. "Usituongezee. Kilio huanzwa na mfiwa, na mfiwa ni wewe, na mdomo umeufunga mwenyewe tangu ile Jumapili."

Alimwachia na kwenda kukunja ile mito minne. Hakuna aliyemkaribisha Okpoti kwenye benchi. Alikaa nyuma ya nyumba karibu na beseni la kufulia mpaka simu ilipolia. Alikuwa Femke. Wamerudi kutoka Kumasi, kesho wanapanda ndege, na huku Jamestown kumekuwaje, mbona hata kinyozi kazima redio? Wapi pa kwenda usiku wa mwisho?

Sauti ya kazi ikamtoka yenyewe. "Mji wa La," akasema. "La bado hawajafunga. Nakuja kuwachukua. Mle kwanza."

Baa ile ya La iko wazi kando ya barabara, viti vya plastiki, gitaa mbili na tarumbeta, na spika kubwa kuliko mlango. Okpoti aliwakalisha wageni mbali na spika, aliwaagizia vinywaji, akawaambia mikoba waiweke mapajani. Alifanya kila kitu sawasawa. Kisha akaenda kusimama ukingoni, karibu na mwanamke aliyekuwa akikaanga kelewele, zile ndizi za viungo, kwenye karai kubwa. Hapo kelele ilikuwa nyingi kiasi kwamba mtu angeweza kusema lolote. Hapa ni La, akajiambia. Hapa hakuna anayeruhusiwa kumkataza mtu.

Akafungua mdomo. Kwanza ilitoka kama kikohozi. Kisha ukatoka wimbo wa mama yake, ule wa kufungulia, kwamba mwenye nyumba ametoka na ufunguo, sisi tumebaki mlangoni, nani atatufungulia. Hakuwa na sauti nzuri na ubeti wa tatu hakuujua, akarudia wa pili. Akamwita. Adjeley. Adjeley binti wa Kotei. Mama wa mapacha waliorudi walikotoka. Ulimi wa Gbese. Machozi yalikuwa yakimwingia mdomoni, na kwa mara ya kwanza tangu ile Jumatatu kifua chake kilikuwa chepesi.

Kilio si cha mtu mmoja, kinataka waitikiaji. Akawapata. Femke na wenzake walikuwa wamemwona, wakaja na chupa zao mkononi, wakadhani ni wimbo wa baa ile. Waliidaka ile sehemu ya kurudia, nani atatufungulia, bila kujua neno hata moja, wakaiitikia kwa makofi, wakicheka, mara ya kwanza vibaya na mara ya tatu vizuri. Okpoti aliwaona na hakuweza kuacha. Aliita, wakaitikia. Aliita tena, wakaitikia tena.

Mwanamke wa kelewele akalitoa karai motoni. Alimvuta Okpoti kwa mkono mpaka nyuma ya kibanda chake.

"Huo si wimbo wa kunywea. Nani?"

"Mama yangu. Leo."

"Wapi?"

"Gbese."

"Gbese mmefunga."

"Ndiyo. Ndiyo maana nimekuja huku."

Yule mwanamke hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtia Okpoti baridi. Aliutazama uwanja uliojaa watu wanaocheza, kwa makini, kama anayemtafuta mtu.

"Umemwita kwa majina yote?"

"Yote ninayoyajua."

"Mtu akiitwa kwa majina yake yote anakuja, mwanangu. Alikuwa kwao amelala, ameambiwa angoje kama wengine. Sasa umemleta La. Hamjui mtu hapa, na kwa kelele hizi hata ukimwambia njia hakusikii." Akafuta mikono kwenye aproni. "Nani atamrudisha?"

Okpoti akasimama hapo mpaka muziki ukabadilika, kisha akaenda kuwatafutia wageni gari, akamwelekeza dereva nyumba ya wageni, akawafungia milango. Femke akashusha kioo akauliza kwani yeye haji? Akamwambia kuna mgeni mwingine wa kumsindikiza, na huyo hapendi gari. Femke akacheka akamtakia usiku mwema.

Barabara ile ya pwani kutoka La hadi Gbese hajawahi kumruhusu mgeni wake yeyote aitembee kwa miguu baada ya giza. Usiku ule aliishika peke yake. Alitembea katikati ya njia ya waendao kwa miguu, akiacha nafasi upande wake wa kulia, kwa mwendo wa mtu mwenye kifua kibovu, na kila baada ya nguzo chache za taa alisimama akangoja pumzi irudi. Muziki ukabaki nyuma, ukafifia. Mbele ilikuwa Osu, nao walikuwa wamekwisha kunyamaza. Hapo akashusha sauti mpaka ikawa mnong'ono, akaanza kuelekeza kwa mkono kama alivyowaelekeza watu wote: bahari hii hapa kushoto, Awo, tuiache hapo hapo kushoto, lile tao kubwa la uhuru tutalipita, kisha ngome, ukiona mnara wa taa umefika. Akauliza kama amechoka. Hakujibiwa. Kwa siku kumi na moja hakuwa amejibiwa neno, kwa hiyo hakuwa na namna ya kujua kama anaye au anatembea peke yake.